Dada Zamda Hana Sifa

Kitu cha kwanza nilichokigundua nilipoanza kazi ya kupika chai pale ofisini ni kwamba Mlinganishi Mkuu aliisifu chai kabla hajaionja. Kikombe kilikuwa hakijatua mezani, mkono wangu bado umeshika kisahani, naye ameshasema, "Ah! Chai safi sana hii, binti." Mwanzoni nilidhani anasikia harufu. Halafu asubuhi moja majani yakaisha. Nikamimina maji ya moto kwenye kikombe nikampelekea, ili aone kwa macho yake, aniruhusu niende kwa bwana wa ugavi. Mimi ni mtu wa aibu, maneno huchelewa kunitoka. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Ah! Chai safi sana. Na rangi yake leo, usiseme."

Sikusema.

Bwana wa ugavi aliitwa Malisa. Habari ile ilipomfikia alikaa akafikiri, kisha akatoa uamuzi wa kitaalamu: ikiwa maji peke yake yanapata sifa zote, basi kutia majani ni kuharibu mali ya umma. Tangu siku ile majani hayakununuliwa tena kwa ajili ya ofisi, ingawa nyumbani kwa Malisa chai ilizidi kuwa nyeusi. Wakuu wote wakawa wanakunywa maji ya moto kila asubuhi na kuyasifu. Mmoja wao aliniita pembeni akaniomba nisiwe naikoleza mno, kwa sababu ana shinikizo la damu.

Ofisi yenyewe iliitwa Mamlaka ya Kulinganisha Sifa. Jina la nchi silitaji, kwa kuwa bado liko kwenye kamati. Inatosha kusema ni nchi ya amani, na asiyeamini anaweza kumuuliza askari yeyote. Wapo kila kona.

Katika nchi hiyo kulikuwa na vyuo viwili. Chuo Kikuu kilikuwa juu ya kilima. Waliosoma huko walijifunza kwa kichwa, na baada ya hapo hawakutakiwa tena kuinama. Chuo cha Ufundi kilikuwa bondeni. Waliosoma huko walijifunza kwa mikono, na baada ya hapo hawakutakiwa tena kuinuka. Maji machafu ya kilimani yalishuka kwa mtaro mpaka bondeni, na kwa miaka mingi mtaro huo ndio uliokuwa uhusiano pekee kati ya vyuo hivyo.

Mpaka Mheshimiwa Waziri alipozungumza redioni.

*

Siku hiyo nilikuwa nyumbani na dada yangu Zamda, tunakula. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja nyuma ya soko, mimi na yeye, tumbo moja. Mimi shule niliiacha darasa la tano. Yeye aliendelea, akaingia Chuo cha Ufundi, akasomea mabomba, akamaliza, akapewa cheti.

"Ndugu wananchi," ilisema redio, "serikali yenu sikivu imesikia. Kuanzia leo, kijana wa ufundi ruksa kupanda kilimani! Ruksa kuingia Chuo Kikuu! Ilimradi awe na sifa!"

Zamda akarudisha tonge kwenye sahani.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mdogo wangu, umesikia lakini?"

Nilijua anachotaka. Mtaani kwetu kulikuwa na bomba lililozinduliwa na mawaziri watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja na utepe wake, na halijawahi kutoa hata tone. Zamda alilifungua lote akiwa bado mwanafunzi, akalikuta zima, akalifunga. "Mimi nayajua maji yakishafika kwenye bomba," alikuwa akisema. "Nataka niende nikajue yanakotoka, na yanakwama wapi." Hayo yalifundishwa kilimani tu. Yaliitwa uhandisi wa maji.

Tena alikuwa na haraka. Kanuni ya nchi ilisema cheti cha ufundi huchacha, kama maziwa. Kikipita muda wake bila mwenyewe kupanda kilimani, hakifai tena. Cha Zamda kilikuwa kinachacha mwisho wa mwaka uleule. Vyeti vya Chuo Kikuu havichachi kamwe. Vya Mlinganishi Mkuu vilikuwa vimetundikwa ukutani tangu ujana wake, ingawa upepo ukivuma upande wangu kulikuwa na harufu niliyokuwa naisikia mpaka jikoni.

*

Kesho yake vijana wa ufundi walijaa kwenye uwanja wa Mamlaka, kila mmoja na cheti chake kwenye mfuko wa nailoni. Hapo ndipo wakuu waliposhtuka. Tangu Mamlaka ianzishwe hakuna mtu wa bondeni aliyewahi kuja kulinganishwa, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kujiuliza sifa ni nini.

Ikaitishwa semina. Nilikuwepo, namimina.

Mlinganishi Mkuu alikuwa Profesa Kalumanga, mtu mwenye elimu ya kutisha. Udaktari wake aliupata kwa utafiti kuhusu umuhimu wa kufanya utafiti. Akaagiza kamusi iletwe. Ikaletwa juu ya mto mdogo wa kitambaa. Akavaa miwani.

"Sifa," akasoma. "Moja: maneno ya kueleza uzuri wa mtu au kitu. Mbili..."

Akafunga kamusi.

"Samahani Mkuu," akasema kijana mmoja wa sheria, mgeni kazini, "na hiyo ya pili?"

Profesa akamtazama kwa huruma. "Kijana, maana ya pili ni ya watu wa daraja la pili. Sisi ni Mamlaka. Tunachukua ya kwanza."

Makofi yakapigwa. Yule kijana alihamishiwa mpakani wiki ileile, akalinganishe sifa za wanaovuka.

Kwa hiyo ikakubalika kwamba mwombaji sharti aje na maneno ya kueleza uzuri. Lakini uzuri wa nani? Hapo akasimama Bi Sikitu, Mkuu wa Kitengo cha Kupima, mama mnene mwenye sauti kama ya mhuri unaogongwa.

"Akijisifu mwenyewe, hayo ni majivuno," akasema. "Akiwasifu wazazi wake, upendeleo. Akimsifu mwalimu wake, rushwa. Sasa jamani, amebaki nani?"

Ukumbi mzima ukainua macho kwenye picha iliyokuwa ukutani. Mheshimiwa Waziri alikuwa anatutazama kutoka kwenye fremu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba tutafika.

"Na vijana wa sekondari, wanaokwenda kilimani moja kwa moja, wao hawapimwi?" mtu akauliza.

"Wale wanaimba nyimbo za kumsifu tangu darasa la kwanza, kila asubuhi kwenye mstari," akajibu Bi Sikitu. "Zimeshawaingia kwenye damu. Hawa wa ufundi, asubuhi wanagonga vyuma. Nani awasikie wakisifu?"

Basi ikaamuliwa kwamba kijana wa ufundi alete sifa linganishi, yaani sifa zinazolingana na zile ambazo mwenzake wa sekondari ameziimba maisha yake yote. Profesa akashukuru, akachukua kikombe, akasema chai ya leo ina hekima.

*

Zamda alikwenda dirishani akiwa amevaa gauni lake la sikukuu. Nilikuwa ukumbini na sinia. Tulijifanya hatujuani, kwa sababu mwenye ndugu ndani ya Mamlaka alikuwa haruhusiwi kuomba. Kanuni hiyo haikuwahusu wakuu, wao watoto wao waliitwa urithi.

Bi Sikitu akakishika cheti cha Zamda kwa vidole viwili, akakigeuza kama anayekagua samaki.

"Hiki ni cheti."

"Ndiyo, mama."

"Nimekuuliza sifa, umeniletea cheti."

"Si ndizo sifa zenyewe, mama? Zimeandikwa hapo."

"Hapa pameandikwa unajua kuunga mabomba, kusoma ramani, kupima mteremko." Akainua uso. "Nioneshe Mheshimiwa ametajwa wapi."

Zamda akainamia karatasi kama anayetafuta kweli. "Hajatajwa. Nadhani ni kwa sababu darasani hakuwepo."

Nyuma yake foleni ikacheka. Bi Sikitu hakucheka. Akachukua mhuri wenye maneno mawili, akaupuliza, akaugonga juu ya cheti: HANA SIFA.

"Una bahati mimi ni mzazi," akasema. "Kuna kozi ya kuwasaidia watu kama nyinyi. Ukifaulu, utakuja Siku ya Sifa, utasimama mbele ya Mheshimiwa mwenyewe. Ukishindwa hapo, mwanangu, rudi bondeni, kaungane na mabomba yako."

*

Kozi iliitwa Kozi ya Awali ya Kusifu. Ilifundishwa na wahadhiri walioshushwa kutoka kilimani, nao walishuka wamefunga leso puani. Kulikuwa na somo la Misingi ya Makofi, ambapo vijana walijifunza kupiga makofi hotuba ikiisha, na wale wepesi zaidi kabla haijaanza. Kulikuwa na Nadharia ya Kuinama. Kulikuwa na Vigelegele kwa Vitendo, kwa sababu Mamlaka ilitambua kwamba watu wa ufundi huelewa zaidi kwa vitendo. Waunga vyuma, wenye sauti nene za kuzoea kelele, walipata shida sana kwenye vigelegele. Mmoja alipasuka koo akapewa cheti cha ushiriki.

Mwanafunzi aliyeng'ara alikuwa Mshangama, fundi seremala, aliyesoma bondeni mwaka mmoja na Zamda. Zamani alikuwa akija kwetu kunywa chai, na kila mara alilalamika sukari haitoshi. Sasa alikuwa amebadilika. Ukimwambia habari za asubuhi anajibu, "Njema, kwa juhudi za Mheshimiwa."

"Mshangama, na ukiumwa tumbo?" Zamda akamtania.

"Tumbo halijawahi kuniuma tangu Mheshimiwa ashike wizara."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo sikuwa na tumbo."

Zamda alirudi nyumbani anacheka, lakini alipovua viatu alikitoa cheti chake akaitazama tarehe. Siku zilikuwa zinakwenda. Kosa lake lilikuwa moja na wahadhiri wote walilisema: hasifu kitu mpaka akione.

Jioni hiyo akapanda juu ya ndoo, mimi nikakaa kitandani nikawa Waziri.

"Ewe Mheshimiwa," akaanza, "wewe ni... wewe ni..."

"Jua," nikamnong'oneza. Kila siku nilikuwa nawasikia ofisini.

"Jua linaunguza."

"Mwezi."

"Mwezi mwanga wake wa kuazima."

"Basi sema simba."

"Simba anakula watu, mdogo wangu. Hapo nitakuwa nimempatia kabisa."

Tukacheka mpaka jirani yetu, Mama Chausiku, akagonga ukuta. "Nyie wasichana, kuna nini humo? Kaja mchumba?"

"Kaja Waziri!" akajibu Zamda.

"Ee! Basi chekeni polepole, wasije wakaweka kodi."

Tulipotulia, Zamda alibaki juu ya ndoo anatazama nje ya mlango, kule lilikosimama lile bomba letu la mtaani na mabaki ya tepe zake. Uso wake ukafunguka. Akanyoosha mkono.

"Ewe Mheshimiwa! Wewe ni kama bomba la mtaani kwetu. Tangu umewekwa, hujavuja hata siku moja."

Nikampigia makofi, ya kweli. Ilikuwa sifa, na haikuwa uongo. Akashuka kwenye ndoo amefurahi kama aliyeziba tundu lililomsumbua mwezi mzima.

Jambo moja sikumwambia Zamda, siku hiyo wala siku nyingine: habari ya chai. Niliogopa atacheka, na kicheko cha Zamda hufika sokoni, na sokoni kila mtu ana shemeji Mamlaka.

*

Siku ya Sifa ilifika. Ukumbi ulipambwa kwa mabango. Moja liliandikwa UFUNDI NI UTI WA MGONGO, na watu wa itifaki walikuwa wamelitandika sakafuni ili Mheshimiwa asichafue viatu. Waombaji waliachwa nje juani, wakawa wanaitwa mmoja mmoja. Mimi nilisimama karibu na meza kuu na birika langu. Waziri, Profesa, Bi Sikitu na walinganishi wote walikuwa na vikombe vyao mbele yao, vinatoa mvuke, na hakuna aliyevigusa zaidi ya kuvisifu.

Akaingia fundi cherehani, amemshonea Waziri kanzu yenye mifuko mingi. Mheshimiwa alisema huyu kijana anaijua kazi ya uwaziri, akampangia sheria. Akaingia mpishi, akasifu huku analia. Akapangiwa kilimo, kwa sababu ya umwagiliaji.

Akaingia Mshangama. Nyuma yake vijana wanne walibeba sanamu ya mninga. Ilikuwa Waziri mtupu, ila ndefu kumzidi, na ilikuwa na nywele zile ambazo mwenyewe hakuwa nazo tena. Waziri alisimama, akaikumbatia, akaishika nywele. Alipogeuka alikuwa na machozi.

"Kijana huyu amenigusa moyo," akasema. "Apelekwe udaktari wa moyo. Na aanzie mwaka wa tatu, miaka ya mwanzo ni ya watu wasio na kipaji."

Ndipo akaitwa dada yangu.

Zamda alitembea mpaka katikati, akasimama kwa miguu yote miwili, akanyoosha mkono kama alivyofanya juu ya ndoo. "Ewe Mheshimiwa Waziri! Wewe ni kama bomba la mtaani kwetu. Tangu umewekwa, hujavuja hata siku moja!"

Profesa akamtazama Waziri ili ajue anafikiri nini. Waziri akafikiri. Kisha akapiga meza.

"Hujavuja!" akasema. "Mmesikia? Siri za serikali hazivuji! Hii ni sifa ya kiufundi!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bi Sikitu mwenyewe alipiga kigelegele, kidogo, cha kikazi. Moyo wangu ulikuwa tayari umeshapanda kilimani, umeshaweka godoro bwenini.

"Bado," akasema Profesa Kalumanga. Sifa ile ilikuwa nzuri kuliko ile aliyoiandaa yeye kwa hotuba yake, na jambo hilo halikumpendeza. "Mamlaka ina sehemu ya pili. Sifa za Papo kwa Papo. Mwombaji anapewa kitu asichokitarajia, anakisifu hapohapo. Tutajua kama sifa zinatoka moyoni au amekariri." Akanigeukia. "Binti, mpe chai."

Nikamimina. Nikatembea. Sijui njia ya kutoka meza kuu mpaka alipokuwa Zamda ilirefushwa na nani. Nilikuwa namwomba kwa macho: sema sasa, nikiwa bado natembea, sema kama wanavyosema wote. Yeye alipokea kikombe kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa na mama yetu, akasema "Asante," na akakipeleka mdomoni.

"Ameonja!" mtu akapiga kelele.

Walinganishi wakasimama. Bi Sikitu alifunika macho. Mzee mmoja wa Bodi ya Mamlaka aliuliza kama kuna daktari, wakamwonesha Mshangama.

Zamda akameza. Akatazama ndani ya kikombe. Akanitazama mimi. Niliona alivyoelewa, ilianzia machoni ikashuka mpaka kwenye vidole. Nyuma ya ukumbi Bwana Malisa wa ugavi alikuwa amesimama wima, na kidole chake kilikuwa tayari kinanielekea. Neno moja tu likimtoka Zamda, mwizi wa majani angekuwa ni mimi, na hakuna kamusi ambayo ingenisaidia.

"Sema basi," akasema Waziri. "Chai ikoje?"

Angeweza kusema safi sana. Mdomo wake ulifunguka, nikauona ukijaribu.

"Ni ya moto," akasema Zamda.

Walinganishi wakaingia kikaoni palepale walipokaa. Je, *ya moto* ni sifa? Mmoja alisema ndiyo, siku hizi vijana wakipenda kitu husema ni moto. Mwingine alisema moto upo pia jehanamu, kwa hiyo ni tusi kwa wizara. Mzee wa Bodi alipendekeza chai ipozwe kwanza, ndipo mwombaji aulizwe upya. Waziri, aliyependa kuonekana msomi, akainua mkono wake wenye pete.

"Waheshimiwa, msipoteze muda. *Ya moto* siyo sifa ya chai. Hiyo ni sifa ya maji."

Hapo niliona kitu ambacho sijawahi kukiona tena: watu wazima wenye shahada, safu nzima, wameinamisha vichwa wanatazama ndani ya vikombe vyao. Chini kabisa, kupitia kwenye ile chai, kila mmoja alikuwa anaona ua jekundu lililochorwa kwenye kitako cha kikombe. Waziri naye alikuwa analiona la kwake.

Profesa Kalumanga akawa wa kwanza kuinuka. Elimu si mchezo.

"Ah!" akasema. "Chai safi sana."

"Safi sana!" ukaitika ukumbi. Makofi yakapigwa mpaka mabango yakatikisika.

Mamlaka ilikuwa na desturi. Kabla mhuri haujagongwa, mwenyekiti huuliza ukumbi, "Nani anashuhudia kwamba mwombaji huyu ana sifa?" Huuliza haraka, na mhuri hugongwa kabla neno la mwisho halijamtoka. Lakini siku hiyo Profesa alipouliza, Waziri alikuwa anakunywa, na ni mwiko kugonga mhuri Mheshimiwa akimeza. Kwa hiyo swali likabaki linaning'inia.

Profesa akauliza tena, ili kujaza nafasi. "Nani anashuhudia?"

Zamda hakunitazama. Alitazama sakafu kwa makusudi, nami nilijua ni kwa ajili yangu. Neno lilikuwa limefika kooni. Mfuniko wa birika mkononi mwangu ukaanza kugongagonga, *ti ti ti ti*, ukumbi mzima ukausikia. Waziri akamaliza kumeza.

"Hakuna," akasema Profesa. Mhuri ukashuka.

Kwenye nafasi ya sababu waliandika neno moja: *Alionja.*

*

Tulikutana nyumbani. Zamda alikuwa anachochea mkaa, ameshavaa kanga yake ya kila siku.

"Ungesema ni maji," nikamwambia. "Ungewaaibisha wote."

"Ningesema maji, nani angefukuzwa? Profesa?"

Nikamsogezea sufuria.

"Basi ungesema nzuri. Neno moja tu, dada. Ungekuwa kilimani saa hizi."

"Nilijaribu," akasema. Akapuliza mkaa, majivu yakamrukia usoni. "Ulimi ulikataa, mwanamke mwenzangu. Ulikuwa umeshaonja." Kisha akacheka kidogo. "Na wewe, mpishi gani unashindwa hata kuchemsha majani?"

Aliinjika sufuria, akatia majani mengi kuliko kawaida. Tulikunywa bila kuisifu.

Mwisho wa mwaka Waziri akazungumza redioni. Alitangaza kwamba lengo limefikiwa na kupitwa: vijana wa ufundi wamejaa Chuo Kikuu. Haikuwa uongo. Walihesabiwa waliokuwa wanaziba mapaa, waliokuwa wanapaka rangi bwenini, na waliokuwa wanazibua vyoo vya wahadhiri. Wote wako kilimani, alisema Waziri. Zamda naye alikuwemo. Aliitwa kila bomba la kule juu lilipopasuka, akawa anaingia Chuo Kikuu kwa mlango wa nyuma na spana yake, anaunga, anatoka. Kwenye hotuba aliitwa mmoja wa waliojiunga.

Mshangama hakumaliza udaktari. Aliletwa Mamlaka awe Mlinganishi Msaidizi. Siku yake ya kwanza nilimpelekea kikombe. Nilikuwa bado ukumbini, hajaniona hata uso, nikamsikia kutoka ndani: "Ah! Chai safi sana. Na sukari imekolea."

Cheti cha Zamda nacho kilichacha tarehe yake ilipofika, kama kanuni ilivyosema. Nilikitoa chini ya godoro nikakinusa. Kilikuwa kinanuka karatasi.

Siku hizi bado namimina. Ule ukumbi naufagia mimi, na kila nikifika pale katikati, pale aliposimama, nalisikia lile swali bado linaning'inia, halijajibiwa na mtu. Mimi ni mtu wa aibu, na maneno huchelewa kunitoka. Haya yamechelewa sana.

Yale yalikuwa maji, Profesa. Na nashuhudia mimi: dada Zamda ana sifa.